King'amuzi cha Babu Kimeingia Darasani

Nyumbani kwa babu yangu, Upare Kusini, juu ya kabati la vyombo kulikuwa na king'amuzi ambacho tangu nipo darasa la sita kilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pakawekwa chupa ya maua ya plastiki. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa tu hakina kazi. Babu alikinunua mwaka 2013, wakati mitambo ya analojia inazimwa mji baada ya mji, Dar es Salaam wakiwa wametangulia tarehe 31 Desemba 2012. Akapanda nacho kwenye Noah kutoka Same mjini mpaka kijijini, akasimika antena, akaizungusha siku tatu. Picha ikawa inakuja vipande vipande, halafu inaganda mtangazaji akiwa ameachama mdomo. Mawimbi ya ardhini yanataka kuonana na mnara, na kati ya mnara na nyumba ya babu umekaa mlima. Baadaye baba mdogo akamletea dishi, na king'amuzi kikageuka kuwa meza ya maua.

Mwingine angekitupa. Lakini sisi ni Wapare, na utani mnaujua: Mpare hatupi kitu, na yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Utani huo nimeusikia kuanzia hosteli mpaka kwenye foleni ya kusaini bumu, na kusema kweli nimeuchoka. Ila kwa hili la king'amuzi nawapa haki yenu. Mwaka jana kile kidude kiliingia darasa la Biolojia, kidato cha pili, kwenye shule ya kata ambayo haina projekta na hata moyo wa plastiki wa kufundishia haina.

Hoja yangu naiweka mapema ili anayesoma gazeti hili akisubiri wali wa kantini asipate shida. Sisi wa ualimu tunaambiwa kila semista kwamba TEHAMA itabadilisha elimu, kisha tunapelekwa BTP kwenye shule zisizo na TEHAMA, tunarudi tunaandika kwenye ripoti "upungufu wa vifaa", tunapata alama zetu, maisha yanaendelea. Mimi nasema sehemu ya vifaa hivyo ipo tayari vijijini, juu ya makabati, chini ya vitambaa. Tatizo ni kwamba hatujafundishwa kuviona, na vingine vimefungwa makusudi ili tusivitumie.

Nianze na jinsi ilivyokuwa.

Nilipangiwa shule moja milimani. Same mjini ni jua na upepo wa vumbi, unavaa shati moja na bado unatoka jasho. Ukipanda saa moja na nusu unakuta migomba, ukungu, na baridi ya Julai inayofanya wanafunzi waingie darasani mikono imejificha ndani ya sweta. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 58. Mada ilikuwa usafirishaji wa vitu katika viumbe hai, yaani moyo, mishipa, damu, mzunguko wake. Nilichora moyo ubaoni kwa chaki ya rangi mbili, nyekundu na bluu, kama tulivyofundishwa kwenye madarasa ya mazoezi. Nikaeleza atria, ventrikali, valvu. Wakaandika yote. Nilipowauliza damu ikitoka kwenye mapafu inaingia wapi, mkono mmoja ukainuka, na jibu likawa "kwenye figo".

Siwalaumu. Ukiangalia mchoro wa moyo kwenye karatasi, ni chungwa lililokatwa lenye mishale. Kitu kinachodunda mara laki moja kwa siku tunakichora kimelala.

Ofisini kwa walimu kulikuwa na TV ya chogo ya inchi 21, zawadi ya wahitimu wa miaka ya nyuma. Ilikuwa haioneshi kitu kwa sababu hapakuwa na king'amuzi. Na mimi nyumbani kwa babu, mwendo wa bodaboda wa nusu saa, najua kuna king'amuzi hakina TV. Jumamosi nikaenda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu wangu. Umekuja kula makande au umekuja na shida?"

Nikamwambia shida. Babu akaondoa maua, akaondoa kitambaa, akakipangusa kile kidude kwa mkono kama anampangusa mtoto usoni. Halafu akatafuta karatasi ya daftari na peni. Nikaandikishwa: king'amuzi kimoja, adapta moja, rimoti moja, waya mmoja wa rangi tatu, vyote vizima, kurudishwa mwishoni mwa Agosti. Nikatia sahihi. Mnaotucheka mcheke tu, lakini nani kati yenu anajua laptopu aliyomwazima mwenzake mwaka wa kwanza iko wapi?

Sasa niseme kidogo hiki kifaa ni nini, maana wengi tunakiona kama sanduku la kuleta chaneli basi. King'amuzi ni kompyuta ndogo. Ndani kuna chipu ambayo kazi yake kubwa ni kufungua video iliyobanwa na kuituma kwenye TV. Video ikitoka hewani inafunguliwa. Ikitoka kwenye flashi iliyochomekwa kwenye tundu la USB, chipu hiyohiyo inaifungua vilevile. Ndiyo maana ving'amuzi vingi vina menyu ya "media" au "USB", na vingine vinaweza hata kurekodi kipindi kutoka hewani kwenda kwenye flashi. Nyuma vina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, ambayo TV ya chogo nayo inayo. Yaani unapata mashine ya kuoneshea video za kompyuta kwenye TV iliyotengenezwa kabla hujazaliwa.

Na kinakula umeme kidogo mno. Soma maandishi kwenye adapta: mara nyingi utakuta volti 12, ampea moja au moja na nusu. Hizo ni wati 12 mpaka 18 kwa kiwango cha juu kabisa. Volti 12 ndiyo volti ya betri ya sola na ya gari. Projekta ya kawaida inataka wati 200 na zaidi, na ikikatikiwa umeme ghafla taa yake inaweza kufa, na bei ya hiyo taa usiulize. TV ya chogo ndiyo inayokula zaidi hapa, wati 60 mpaka 100 hivi, lakini nayo inavumilia. Umeme wa huko milimani unakatika na kurudi kama mtu aliyesahau funguo, na ile chogo kila ukirudi inawaka tu.

Jumatatu nikaingia darasani na flashi yangu. Nilikuwa nimepakua video nzuri ya moyo, ubora wa juu kabisa, bando langu lote la wiki limeishia hapo. TV juu ya meza mbili zilizopandanishwa, ekstensheni imetoka ofisini imepitia dirishani. Wanafunzi 58 kimya, hata wale wa dirisha la nyuma. Nikabonyeza. Sauti ikatoka vizuri. Picha, giza tupu.

"Madam," kijana mmoja akauliza kwa heshima zote, "hii ni redio?"

Nimefanya UE mbaya maishani, lakini sijawahi kutoka jasho kama asubuhi ile ya baridi.

Jibu nililipata kwa mtu ambaye hakuna kozi yetu inayomtaja. Jumamosi iliyofuata nilishuka Same, nikaenda kwenye kibanda kimoja kati ya vile vya kuingizia nyimbo na muvi kwenye flashi. Yule kijana hakugusa hata flashi yangu. Akaniuliza kwanza, "Unaangalizia kwenye nini, simu, TV flati, au king'amuzi?" Nikamwambia king'amuzi cha zamani. Akatikisa kichwa. "Hiyo video yako ni mpya kwa king'amuzi chako."

Akanielewesha kwa dakika tano jambo ambalo sikulipata kwa miaka miwili chuoni. Faili linaloishia na MP4 ni kama bahasha tu. Ndani ya bahasha video inaweza kuwa imebanwa kwa lugha mbalimbali. Kuna H.264, ambayo ilipitishwa mwaka 2003, ni rika langu, na karibu kila king'amuzi cha enzi ya uhamaji wa dijitali kinaijua. Kuna H.265 ya mwaka 2013, na nyingine mpya zaidi zinazotumika mtandaoni kwenye video za ubora wa juu. King'amuzi cha babu kiliacha shule mwaka ule kilipotoka kiwandani, hakijui lugha iliyokuja baadaye, na hakuna namna ya kukifundisha. Kwa hiyo unaitafsiri video. Unaipitisha kwenye programu kama HandBrake, ambayo ni ya bure, unachagua H.264, unapunguza ukubwa wa picha (TV ya chogo haioneshi tofauti), na sauti unaiweka katika mfumo wa kawaida. Flashi yenyewe iwe ya FAT32, maana ikiwa exFAT vidude vingi vya zamani havitaiona kabisa. Na katika FAT32 faili moja lisizidi GB 4, ingawa video ya somo haifiki huko, labda uwe unafundisha kwa tamthilia ya Kituruki.

Akanitoza elfu mbili. Nikajiuliza njia nzima ya kurudi milimani: huyu kijana hajamaliza kidato cha nne, lakini kila siku anatatua tatizo la kupeleka video kwenye vyombo vya watu wa kawaida. Sisi tuna kozi nzima ya vyombo vya kufundishia, na swali la mtihani lilikuwa "Eleza faida tano za kutumia TEHAMA katika ufundishaji." Niliandika saba. Hakuna aliyeniuliza nitafanya nini nikikuta TV yenye matundu matatu ya rangi.

Najua mtu wa sheria atanidaka hapa: vile vibanda vinauza kazi za watu bila ruhusa. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na Bongo Muvi imeumia. Mimi sitetei hilo. Lakini ujuzi wa kubadili faili hauna kosa, na video zenye ruhusa zipo. Khan Academy wanaruhusu kazi zao kusambazwa kwa masharti bila kuuza, na tangu mwishoni mwa 2012 palikuwa na KA Lite, mfumo wa kuzitumia pasipo intaneti. Kwa shule za msingi, Ubongo Kids wa Dar es Salaam wanatengeneza katuni za hesabu kwa Kiswahili tangu 2014. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba yake mtandaoni. Vitu vipo. Haviendi mlimani vyenyewe, ndiyo shida.

Jaribio la pili picha ilitoka. Moyo ukadunda mbele ya kidato cha pili, mwekundu, mkubwa kama boga. Darasa likapiga kelele, jirani wa Historia akaja kuchungulia.

Halafu likaja tatizo ambalo hakuna programu inayolitatua. Sauti ya video ilikuwa ya Mmarekani anayekimbia. Dakika mbili, macho yao yakaanza kuzurura. Watoto hawa wanaongea Chasu nyumbani, Kiswahili uwanjani, na Kiingereza ni cha kumjibu mwalimu. Nikabonyeza kitufe cha kuzima sauti na kuanza kusimulia mwenyewe. Wale waliokulia karibu na vibanda umiza wanaelewa: nikawa Lufufu wa Biolojia. "Sasa damu hii imetoka mapafuni, ina oksijeni, inaingia huku kushoto, mnaona mlango unafunguka? Mlango umefunga, hairudi tena." Nikasimamisha picha mlango ukiwa umefunga. Nikauliza kama mlango huo ungekuwa mbovu, nini kitatokea.

Mtoto mmoja akasema, "Madam, kama ndiva ikivuja."

Kwa ambao hamjafika kwetu: ndiva ni bwawa la asili la Wapare. Maji ya kijito yanakusanywa humo usiku, asubuhi mlango unafunguliwa yanashuka kwenye mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Mlango ukivuja usiku, asubuhi wa mwisho kwenye zamu hapati kitu. Mtoto huyo hakuwa ameelewa mchoro wangu wa chaki wiki mbili zilizopita. Binti mwingine akafuata, na swali lake sitalisahau. Aliuliza ile sauti ya moyo, du-dup, kama ndiyo milango inajifunga. Ndiyo. Ndiyo hasa, ni valvu zinapofunga. Sikuwa nimefundisha hilo. Halikuwamo kwenye andalio langu la somo. Alilipata kwa kuangalia picha iliyosimamishwa, bila sauti.

Msije mkaandika kwamba nimesema video inafaulisha. Jaribio nililotoa baadaye lilikuwa na watoto wengi walioandika vizuri na wengine walioendelea kuipeleka damu kwenye figo. Na kuna siku niliwawekea video ya dakika kumi na mbili mfululizo kwa sababu nilikuwa nimechoka, nusu ya darasa wakalala, haki yao. Nilichojifunza ni kwamba kipande cha dakika tatu ukikisimamisha mara nne kina thamani kuliko filamu nzima. Kile king'amuzi kina kitufe cha kusimamisha, na kitufe hicho ndicho chombo chenyewe cha kufundishia.

Upinzani mkubwa haukutoka kwa wanafunzi wala kwa mkuu wa shule, ambaye alisema tu TV yake irudi ofisini kabla ya taarifa ya habari, ingawa kama nilivyosema ilikuwa haioneshi taarifa yoyote. Ulitoka kwa mwalimu mlezi wangu, madam aliyefundisha hapo miaka mingi. Alikaa nyuma ya darasa, akaangalia vipindi vitatu, akanisifia. Kisha jioni tukishuka njiani akaniambia, "Mwanangu, nyie wa BTP mnakuja kila mwaka. Mmoja alikuja na tableti, mwingine alikuja na spika. Mnawaonjesha watoto, mnaondoka na vitu vyenu. Halafu mimi ninabaki na chaki, na watoto wananiangalia kama mimi ndiye niliyewanyima."

Nilikosa jibu. Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya baridi.

Kwa sababu ana haki. Tunaita ubunifu, tunapiga picha za status, tunapata A ya BTP, na shule inarudi palepale. Kama kifaa hakiwezi kubaki, na kama anayebaki hawezi kukitengeneza kikigoma, basi tumefanya maigizo. Hapo ndipo king'amuzi kinapoizidi projekta na tableti, kwa maoni yangu. Projekta siwezi kumwachia mtu, si yangu na sina hela. Kidude kilichokuwa kinashikilia maua ya plastiki kinaweza kubaki. Wiki zangu mbili za mwisho nilimfundisha madam kupakua, kubadili kwa laptopu ya shule (ipo moja, ya mhasibu, tuliomba), na kupanga vipande kwenye flashi kwa namba. Alinizidi haraka. Kwa Kiingereza changu cha kujiamini nilikuwa natafsiri kila kitu. Yeye alijua neno gani mtoto wa Mpare analishika na lipi analiacha.

Sasa nije kwenye hasira yangu, maana makala bila hasira ni asaimenti.

Baada ya kuona king'amuzi cha babu kinafanya kazi, madam alileta chake kutoka nyumbani, cha kampuni moja ya kulipia, kipya kuliko cha babu. Tukachomeka flashi. Kikatuambia kifurushi kimekwisha, tulipie kwanza. Tundu la USB lipo, chipu ipo, TV ipo, umeme upo. Kifaa amekinunua kwa fedha yake mwenyewe. Lakini kuangalia faili lake mwenyewe, lililo kwenye flashi yake mwenyewe, bila kutumia hewa ya mtu, anatakiwa kulipia chaneli. Hebu nielezeni hiyo ni biashara gani.

Ugomvi huu si wa Same tu. Mwaka 1999 kampuni ya TiVo ilianza kuuza Marekani mashine ya kurekodi vipindi vya TV kwenye diski. Ndani yake ilikuwa kompyuta inayoendeshwa na Linux, programu ambayo mtu yeyote ana haki ya kuibadili. Wanunuzi wakazifungua, wakaongeza diski, wakataka zifanye na kazi nyingine. Kampuni ikaweka kufuli: programu ikibadilishwa, mashine inakataa kuiendesha. Richard Stallman na wenzake wakaona huo ni ujanja wa kumpa mtu haki kwa mkono mmoja na kuinyang'anya kwa mwingine, na leseni yao ya GPL toleo la tatu, ya mwaka 2007, ikawekewa kipengele cha kuzuia jambo hilo. Wengine hawakukubaliana nao, na mjadala bado upo. Lakini angalau ulifanyika. Sisi mwaka 2018 tulibishana nchi nzima juu ya chaneli za bure, zipi zionekane kwenye king'amuzi gani kifurushi kikiisha. Juu ya tundu la USB hakuna aliyeinua mkono. Mimi nauinua. Mamlaka inayokagua vifaa hivi kabla havijaingia sokoni iweke sharti moja: kifurushi kikiisha, king'amuzi kiendelee kusoma flashi. Kampuni haipotezi hata senti, na shule zinapata mashine.

Mtaniambia kuna smart TV siku hizi, na bei zinashuka. Sawa. Mwenye nazo azitumie. Lakini dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Kila tukisubiri kipya, kile cha zamani kinaenda korongoni. Nimeona ving'amuzi kwenye makorongo ya kwetu, vimelala pamoja na magamba ya betri, juu kidogo ya mahali akina mama wanapochota maji.

Nikiwa kidato cha tatu, Machi 2020, shule zilifungwa kwa korona mpaka Juni. Masomo yakawekwa redioni na kwenye TV. Mimi sikuyaona hata moja, kwa sababu ya ule mlima na antena ya babu. Kama mtu mmoja mwenye king'amuzi cha kurekodi pale Same mjini angeweka vile vipindi kwenye flashi, na flashi ikapanda na Noah ya asubuhi, tungesoma. Vifaa vyote vilikuwepo tayari. Nilikaa miezi mitatu napalilia tangawizi, na king'amuzi kilikuwa hatua nne kutoka kitandani kwangu, chini ya maua.

Kwa hiyo serikali ya wanafunzi, kabla ya kuagiza fulana za wiki ya elimu mwaka huu, wekeni boksi moja pale kantini tuanze kukusanya ving'amuzi. Nimehesabu vitatu kwenye korido yangu peke yake, kimoja kinatumika kuzuia mlango. Wa IT watuoneshe nani kinasoma flashi na nani kimefungwa. Sisi wa ualimu tutabadili mafaili, na kila anayekwenda BTP abebe kimoja cha kuacha huko. Na kitivo chetu kimlipe yule kijana wa kibanda cha Same, au mwenzake yeyote wa hapa mjini, aje atufundishe siku moja. Elfu mbili yake niliyompa haikutosha.

Mwishoni mwa Agosti nilirudi kwa babu mikono mitupu, na ile karatasi ikanisubiri mezani. Nilieleza yote, nikamweleza na maneno ya madam. Babu akanyamaza muda mrefu. Halafu akachukua peni, akafuta "Agosti", hakuandika mwezi mwingine, akasema madam naye ashuke kutia sahihi. Alishuka Jumapili baada ya ibada.

Tangu hapo kila nikipiga simu nyumbani, babu anauliza mambo mawili. Kwanza, kama kidude kinafanya kazi. Kinafanya. Pili, kama rimoti ipo. Ipo babu. Kifuniko cha betri ndicho kimepotea, wameifunga kwa mpira wa baiskeli, na hilo sijamwambia.